"Itaisha yenyewe": jibu nililolitoa haraka

Wandugu, leo naomba niandike juu ya alama nyekundu zinazoonekana kwenye ngozi ya watoto wachanga, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea nazo, tena kisha kumaliza masomo ya udaktari.

Yaya alinitumia foto ya binti yake kwa simu. Mtoto alikuwa na juma tatu. Kwenye kope ya jicho la kuume kulikuwa kadoa kekundu, kama mtu amegusa na bike. Mama-mkwe alishasema ni tamaa ya mimba, yaya alijinyima kitu. (Hata Kifaransa kinaita alama hizi "envie", kwa hiyo kuwalaumu wamama hakukuanza kwetu.) Nikajibu bila kuuliza hata swali moja: "Yaya, haina kitu, itaisha yenyewe."

Swali lilikuwa hili: mutoto alizaliwa nayo, ao ilikuja kisha?

Doa bapa lenye rangi ya divai, lililokuwapo toka siku ya kuzaliwa, haliishi. Linakua pamoja na mtoto, na linapunguzwa kwa laza. Likikaa kwenye kipaji cha uso, macho na ubongo vipimwe, juu linaweza kwenda pamoja na kifafa na presha ya jicho.

La binti ya yaya lilikuja kisha. Hiyo ni hemanjioma, uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Inatokea siku ao juma za kwanza, inakua mbio miezi mitatu ya kwanza, inasimama, halafu inasinyaa pole pole kwa miaka. Kwa hiyo "itaisha yenyewe" si uongo. Kwa mgongo ao mkono, mara nyingi inatosha kuangalia tu. Lakini kope haingoji. Jicho likizibwa wakati ubongo unajifunza kuona, ubongo unaliacha, na uvimbe unaweza kuisha kabisa huku jicho likibaki zaifu. Vilevile kwenye kidevu na taya, maana ingine inaweza kujificha kooni na kubana pumzi. Kwenye pua, midomo na mahali pa kufunga nepi, panapochubuka na kuwa kidonda. Zikiwa tano ao zaidi mwilini, ini liangaliwe kwa ekografi.

Foto nilizosomea zilikuwa za watoto wazungu. Kwa ngozi yetu wekundu unaweza kuonekana zambarau, ao karibu mweusi. Tumieni kidole pia: ni ya moto kuliko ngozi ya pembeni?

Dawa ilipatikana kwa bahati. Kule Bordeaux, Ufaransa, munganga Christine Léauté-Labrèze na wenzake waliandika mwaka 2008 juu ya mtoto mwenye hemanjioma puani. Dawa aliyopewa mbele, kortizoni, ilimletea ugonjwa wa moyo, wakampa propranololi kwa ajili ya ule moyo. Kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika rangi na kulainika. Propranololi ni kidonge cha zamani cha presha, kinauzwa hata pale karibu na soko. Tafadhali, mtu asikisage nyumbani! Kinashusha sukari ya damu, kinapunguza mapigo ya moyo, kinaweza kubana kifua. Munganga anapima kwa kilo za mtoto. Dawa inatolewa pamoja na kunyonya, na siku mtoto anatapika ao anakataa ziwa, haipewi.

Yaya alinipigia tena mtoto akiwa na miezi miwili na nusu. "Jicho haifunguke tena muzuri." Siku hiyo hiyo tulienda kwa munganga wa watoto, kisha wa macho. Dawa ilianza, na ndani ya juma moja kope ililainika.

Sasa ana mwaka mmoja, na doa limebaki kivuli tu. Ila jicho la kuume bado liko nyuma, kwa hiyo kila asubui yaya anaziba lile la kushoto, lenye kuona vizuri, ili lingine lifanye kazi. Mtoto analia, anavuta kile kiraka. Mara ya kwanza yaya aliniomba nimushike mikono.