Tajiri wa jana akigeuka mshirika

KATIKA soko la mifugo la Garissa, mapatano mengi hufungwa kwa kupeana mikono tu. Mfanyabiashara humwajiri kijana wa kumhesabia mbuzi, kulipa ushuru na kusindikiza lori hadi Nairobi. Mwaka wa kwanza kijana hulipwa mshahara. Mwaka wa pili tajiri humwambia, "Uache mshahara wako humu humu, nami nitakupa fungu la faida." Tangu hapo kijana hajui kama yeye ni mwajiriwa au mshirika. Siku wakikosana, tajiri naye hajui. Ama hujifanya hajui.

Hapo ndipo wengi hupotea njia. Kijana hukimbilia kwa wazee na dai moja kubwa, amechanganya mishahara, faida na hata matusi aliyotukanwa hadharani. Wazee, kwa kutafuta amani, humkatia nusu. Kumbe alikuwa na madai mawili, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza ni la kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uandikwe, na ni jukumu la mwajiri kuuandaa. Kesi ikifika mahakamani naye hana karatasi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi humwangukia yeye. Kwa hivyo anayesema, "Sikuandikiwa chochote, basi sina haki," anajidhulumu mwenyewe. Malalamiko hupelekwa kwa afisa wa leba au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na aliyefutwa isivyo haki aweza kupewa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Lakini usikawie. Dai hilo hufa baada ya miaka 3, hata kama muda wote huo mlikuwa mkinywa chai pamoja na kuahidiana mema.

Dai la pili ni la ushirika, nalo, kama madai mengine ya mkataba, lina miaka 6. Waislamu wengi huijua mudharaba: mmoja hutoa mtaji, mwenziwe hutoa jasho, na faida hugawanywa kwa sehemu walizopatana. Hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji, isipokuwa mwenziwe amezembea au amevunja masharti. Mbuzi wakifa kwa ukame, basi, kijana hupoteza jasho lake tu. Si haki mbuzi hao wafidiwe kwa mishahara aliyokwisha kuifanyia kazi kabla ya ushirika.

Wengine hupeleka ugomvi wa namna hii kwa kadhi. Watarudishwa, kwani Katiba imeipa mahakama ya kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi pekee. Usuluhishi wa wazee, kwa upande mwingine, unatambuliwa na Katiba hiyo hiyo ya 2010, na kwa hesabu za ushirika huenda ukawa mwepesi kuliko mawakili. Sharti uandikwe. Wazee wa Wajir walipomaliza vita vya koo mwaka 1993, hawakutosheka na dua na mikono. Waliandika Azimio la Al-Fatah na kulitia saini. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu nini? Kuandika deni na kuweka mashahidi.

Kabla ya kwenda popote, kaa chini na daftari mbili. Moja iwe ya mishahara, mwezi kwa mwezi hadi siku mliyobadilisha mapatano. Nyingine iwe ya mifugo, lori kwa lori. Kusanya risiti za ushuru, vibali vya kusafirisha mifugo, ujumbe wa M-Pesa na majina ya madereva waliowaona mkigawana pesa.

Kisha omba cheti cha utumishi. Aliyefanya kazi kwa wiki 4 mfululizo au zaidi anastahili kupewa, hata akiachana na tajiri wake kwa ugomvi. Kiombe kwa barua, na ubaki na nakala.