Akili Nayo Hutaka Kulimwa

Mzee anapostaafu kazi mjini na kurejea kwao Mbinga, hupokewa kwa heshima kubwa. Kiti huwekwa barazani, chai huletwa, na maji ya kuoga hutengwa. Akishika jembe hupokonywa. Akitaka kwenda sokoni huambiwa apumzike, kwani amefanya kazi ya kutosha. Haya yote hufanywa kwa mapenzi. Lakini aghalabu haupiti muda mrefu kabla watu wa nyumbani hawajaanza kuulizana: mbona mzee amekuwa mkimya? Mbona anauliza jambo moja mara tatu, na majina ya wajukuu yanampotea? Wengine husema ni uzee tu. Wengine, kwa bahati mbaya, humtafuta mchawi.

Hapana shaka kwamba uzee una sehemu yake katika jambo hili, na maradhi yana sehemu yake. Lakini iko sehemu ya tatu ambayo imo mikononi mwetu wenyewe: namna tunavyozitumia siku zetu. Akili iliyoachishwa kazi hufifia, kama shamba lililoachwa msituni.

SOMO LA NGORO

Mfano mzuri uko kwenye milima ya Mbinga. Wamatengo, ambao mashamba yao yamekaa kwenye miteremko mikali, wana ukulima wao mashuhuri uitwao ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga mistari inayokatana, ikafanya miraba shamba zima. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, hata pakabaki shimo katikati na tuta pande zote. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo bondeni. Hupandwa maharage, kisha mahindi. Na duru hiyo inapokwisha, kazi huanza upya, mashimo yakichimbwa mahali pengine na matuta ya zamani yakivunjwa.

Mkulima wa ngoro hawezi kulima huku amelala. Kila mteremko una umbo lake. Lazima aupime kwa macho na akumbuke mashimo ya msimu uliopita yalikaa wapi. Mazoea anayo, lakini mazoea yake humlazimisha kufikiri.

Sasa, ndugu msomaji, jitazame wewe uliye mjini. Unaamka saa ile ile, unapanda basi lile lile, unaketi kiti kile kile kazini, na jioni unarudi kwa njia ile ile. Namba za simu za ndugu zako huzijui tena, kwa sababu simu ya mkononi inazikumbuka kwa niaba yako. Je, ni lini mara ya mwisho ulipojilazimisha kukumbuka jambo?

WATAALAMU WANASEMAJE?

Mwaka 2000, mtaalamu wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya madereva wa teksi wa London. Madereva hao, kabla ya kupewa leseni, hutakiwa kujifunza kwa moyo njia zipatazo 25,000. Ilionekana kwamba sehemu ya nyuma ya kiungo cha ubongo kinachotunza kumbukumbu za mahali ilikuwa kubwa zaidi kwao kuliko kwa watu wengine, na ilizidi kadiri dereva alivyodumu kazini. Ni dhahiri, basi, kwamba hata ubongo wa mtu mzima hubadilika kwa kazi unayopewa.

Mwaka 2003, wataalamu wa New York walieleza habari za wazee 469 wenye umri wa zaidi ya miaka 75, ambao walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka kadhaa. Wale waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubaoni, wakipiga ala za muziki au wakicheza dansi walipatwa kwa uchache zaidi na ugonjwa wa kusahau. Ni kweli kwamba huenda mtu ambaye akili yake imeanza kudhoofika ndiye anayeacha michezo kwanza, hivyo habari hizi si ushahidi kamili. Hata hivyo, hakuna hasara katika kuzifuata.

HAZINA YA NYUMBANI

Mambo hayo yote yako kwetu. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, huchezwa tangu pwani ya Bahari ya Hindi hadi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, Malawi. Mchezaji hodari huhesabu kete, hukisia hila ya mwenzake, na huona mapema kete yake ya mwisho itaangukia wapi. Ngoma nazo zipo: mganda wa wanaume na kioda ya wanawake, huko Mbinga na katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Mchezaji hukumbuka hatua, husikiliza ngoma na huwatazama wenzake, yote kwa wakati mmoja.

Asiwepo mtu wa kusema kwamba kichwa cha mtu mzima hakifundishiki. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Ulipotangazwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, 1970, akina mama na wazee waliingia darasani kwa mamilioni. Na jaribio la mwaka 1986 lilionyesha kuwa wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10. Lakini kisomo kisichotumiwa husahaulika. Mzee asomewe gazeti? La, alisome yeye, awasomee wengine.

TUANZE NA MADOGO

Badili njia ya kwenda kazini mara moja kwa juma, na uzitaje alama zake ufikapo. Weka kichwani orodha ya vitu vya sokoni. Karatasi iache mfukoni, uitazame mwisho tu. Jifunze kwa moyo namba tano za simu. Wakati wa chakula cha jioni, kila mmoja asimulie siku yake akianzia mwisho kwenda mwanzo. Babu na bibi wawafundishe wajukuu Kimatengo au Kinyasa, pamoja na majina ya samaki, pepo na miti. Kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto nako hakudhuru, ila ukishazoea, tafuta jambo jingine gumu zaidi.

Wala tusiusahau mwili. Mwaka 2024, jopo la wataalamu lilieleza katika jarida la The Lancet kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa iwapo mambo 14 yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, masikio na macho yasiyotibiwa, na upweke. Mzee anayepotea njia aliyoizoea, au asiyetambua watu wake, apelekwe hospitali, iwe Litembo mlimani au Liuli ufukoni. Asipelekwe kwa mganga wa ramli.

Jumapili hii, basi, mpe mzee wako kazi yenye maana: atunze hesabu ya mbegu, apange miche ya kahawa, au ampeleke mjukuu sokoni na kurudi naye. Atakawia, na pengine atakosea. Mwache. Katika kule kukawia ndimo akili yake inamofanya kazi.