Modeli za kompyuta zinavyopima foleni ya dawa kabla ya shambulio la kibaiolojia

Mwezi Septemba na Oktoba 2001, barua zenye unga wa vimelea vya kimeta zilitumwa kwa njia ya posta nchini Marekani. Watu 22 waliugua na 5 kati yao walifariki dunia, wakiwamo wafanyakazi wawili wa kituo cha kuchambulia barua jijini Washington.

Wafugaji wa Afrika Mashariki wanakifahamu kimeta kama ugonjwa wa mifugo unaompata mtu aliyechuna au kula mzoga. Vimelea vyake vikivutwa kwa pumzi, madhara huwa makali zaidi: dalili za awali hufanana na mafua, na hali ikishakuwa mbaya matibabu huwa magumu. Ndiyo maana waliovuta vimelea hivyo hupaswa kupewa antibiotiki kabla hawajaugua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2004 Marekani ilianzisha mpango wa kuiandaa miji yake mikubwa iweze kuwafikishia wakazi wote dawa ndani ya saa 48. Miongoni mwa nyenzo zilizobuniwa kwa kazi hiyo ni RealOpt, programu ya kompyuta iliyotengenezwa katika chuo cha Georgia Tech kwa ushirikiano na taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo (CDC). Programu hiyo haibashiri shambulio litatokea lini. Inaiga foleni, na pengine hapo ndipo ilipo faida yake.

Tuchukue mfano wa mji wenye wakazi milioni 1. Saa 12 za mwanzo zikitumika kusafirisha dawa na kuandaa vituo, zinabaki saa 36, sawa na watu wapatao 27,800 kila saa. Vikifunguliwa vituo 50, kila kimoja kitahudumia watu 556 kwa saa. Mhudumu anayetumia dakika 2 kumuuliza mtu kuhusu mzio, ujauzito na dawa anazotumia huhudumia watu 30 kwa saa. Hivyo meza hiyo pekee inahitaji wahudumu 19. Mahojiano yakichukua dakika 3, wanahitajika 28. Dakika moja imeongeza wahudumu 450 katika mji mzima, kwa meza moja na zamu moja tu.

Hesabu hiyo inawezekana kwa kalamu. Kazi ngumu ni kuingiza hali halisi: watu hufika kwa makundi, mama ana watoto wanne, mzee hawezi kusoma fomu. Kompyuta huiendesha siku hiyo ya kubuni mara nyingi, ikihamisha wahudumu kutoka meza hii hadi ile, mpaka ionekane foleni inakwama wapi. Huenda suluhisho likawa njia ya haraka kwa wasio na matatizo ya kiafya, au mtu mmoja kuchukulia dawa kaya nzima.

Hata hivyo, modeli ya foleni huishia mlangoni pa kituo. Baada ya mashambulizi ya 2001, watu wapatao 10,000 walishauriwa kutumia dawa kwa siku 60, lakini waliokamilisha walikuwa chini ya nusu. Baadhi walisumbuliwa na madhara ya dawa, wengine waliona hatari imekwisha. Kuwafuatilia watu wa namna hiyo majumbani ni kazi ya wahudumu wa afya ya jamii, na idadi yao nayo yafaa iingizwe katika hesabu mapema.