Matayarisho ya Kujifungua: Shauri la Mume na Mke

Mkulima mwenye busara hangojei mvua inyeshe ndipo atafute jembe na mbegu. Lakini katika nyumba nyingi siku ya kujifungua huja kama mgeni asiyetazamiwa, ingawa habari zake zilijulikana miezi mingi kabla.

Mimba si ugonjwa, na akina mama walio wengi hujifungua salama. Walakini hatari ikitokea haingoji. Mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa katika muda wa saa chache tu. Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba kuna kuchelewa kwa namna tatu kunakowaua akina mama: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa kufika hospitali, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Namna mbili za kwanza zaweza kupunguzwa sana nyumbani, iwapo mume na mke watakaa pamoja na kupanga mapema.

Kwanza, ijueni siku. Hesabuni kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, mwongeze siku saba na miezi tisa. Kama hedhi ilianza tarehe 10 Agosti, mtoto hutazamiwa karibu na tarehe 17 Mei. Hapo mtaona kwamba ni wakati wa masika, ambapo mito hujaa na barabara huharibika. Kwa hiyo yafaa mama ahamie mapema kwa jamaa aliye karibu na hospitali. Sehemu nyingine za Kenya zina nyumba maalum ambamo akina mama wajawazito hungojea siku yao.

Pili, mama aende kliniki kabla ya majuma 12 kupita. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mama aonane na wahudumu wa afya mara nane katika mimba moja. Huko hupimwa damu na shinikizo la damu, na huambiwa kama yafaa azalie katika zahanati au katika hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji. Kitabu chake cha kliniki na kisiachwe nyumbani.

Tatu, fedha na gari. Akiba haiozi; hata kidogo kidogo kila juma hutosha nauli. Zungumzeni na mwenye gari, mwandike namba yake ya simu, na ya mtu wa pili kama huyo hapatikani usiku. Jiandikisheni pia katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Watafuteni jamaa wawili walio tayari kutoa damu ikihitajiwa. Fungeni mapema mfuko wa kanga, pedi, sabuni, na nguo, kofia na blanketi la mtoto.

Nne, na hili ndilo kubwa: ni nani atakayekata shauri? Waume wengi hufanya kazi Nairobi au Mombasa, na mke yuko nyumbani pamoja na mama mkwe. Uchungu ukianza usiku, wazee husema, "Tumngoje Bwana apige simu." Katika kungoja huko uhai hupotea. Basi mume na atoe idhini yake sasa, mbele ya mama yake na ndugu zake, kwamba mke apelekwe mara moja bila kumwuliza mtu. Kufanya hivyo hakumwondolei mume heshima; huonyesha kwamba ameitunza nyumba yake hata akiwa mbali.

Kila mtu nyumbani azijue dalili za hatari: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, macho kuona kiwi, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, maumivu makali ya tumbo, maji kuvunjika kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ionekanapo hata moja, safari ianze.

Mpango huu hauhitaji elimu kubwa. Karatasi moja yatosha: siku, mahali, gari, fedha, watoaji damu, na jina la mwenye kukata shauri. Ibandikeni ukutani, mahali ambapo kila mtu ataiona.