Sauti ya Marehemu Ni Mali ya Nani?

Jambo nitakalolieleza mwezi huu ni dogo kwa umbo, lakini ni zito katika mizani. Ni habari ya CD moja, sahani yenye upana wa sentimita 12 tu, iliyoleta ugomvi katika nyumba ya kaka yangu mjini Mbeya.

Mwaka 2008 nilitoka Iringa, ambako nasomesha chuoni, nikapanda basi kwa njia ya Mafinga na Makambako kwenda kumzuru kaka. Yeye alikuwa amenunua kwa fedha zake CD ya nyimbo za marehemu Marijani Rajab, yule aliyeitwa Jabali la Muziki. Kijana wake akaazima kompyuta, akaichoma CD ile nakala 12, akazipeleka kituo cha mabasi, akawauzia abiria saba. Baba alipojua alighadhibika. Kijana naye akashikilia kwamba hakuiba kitu, kwani CD ya baba ingalipo kabatini wala haikupungua. Basi wakaniweka mimi niwaamue.

Kijana akaniambia, "Baba mdogo, mwenyewe amekwisha kufa. Nani atadai?"

Kabla sijawaambieni nilivyomjibu, yafaa mumjue huyo mwenyewe. Marijani Rajab alizaliwa mwaka 1955, Kariakoo, Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 aliimba na bendi ya Safari Trippers, kisha Dar International. Alitunga nyimbo kama Georgina na Zuwena, na hapakuwa na redio kutoka pwani hata nyanda zetu hizi za juu ambayo haikuifahamu sauti yake. Lakini umaarufu ni kitu kimoja, na riziki ni kitu kingine. Siku zile bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa malipo madogo. Zilipokuja kanda za kaseti, wenye maduka wakanakili nyimbo na kuziuza, na waliozitunga hawakupata kitu. Marijani alifariki Machi 1995, na katika siku zake za mwisho alikuwa akijitafutia riziki kwa kuuza kanda katika kibanda kidogo huko Kariakoo. Ni baada ya kufa kwake ndipo kampuni ya Dizim ya Ujerumani ilipozitoa nyimbo zake katika CD. Na mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimtunukia marehemu nishani. Nishani ni heshima kubwa, lakini haiinjiki chungu jikoni.

Basi nikamjibu kijana, "Mwanangu, hapo unapoona wepesi ndipo palipo na hatari. Aliye hai unaweza kumwendea, ukamwomba radhi akakusamehe. Aliyekufa utamwomba wapi? Ameacha warithi, na haki yake imehamia kwao, kama shamba lihamavyo na nyumba ihamavyo. Tena, je, umeisahau ile Hadithi niliyokusomesha ya mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na sala zake na funga zake, kisha mema yake yakagawiwa watu aliowala mali zao?"

Akainamisha kichwa. Lakini vijana wa leo wana hoja. Akasema, "Wewe mwenyewe, Baba mdogo, hutusifii muziki. Mali ya muziki nayo ina haki?"

Nikamwambia, habari ya ala na nyimbo wanavyuoni wameizungumza kwa urefu, na kila mmoja ana dalili yake. Lakini hilo si shauri letu leo. Asiyekula nyama hapati ruhusa ya kuiba buchani. Na wewe hukuzichoma CD zile kwa kuukataza muziki, umezichoma upate faida yake.

Wala hili si neno langu peke yangu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, Desemba 1988, likakata shauri kwamba haki ya mtungaji na ya mvumbuzi ni mali inayolindwa na Sharia, wala si halali kuivamia. Serikali yetu nayo ilitunga Sheria namba 7 ya mwaka 1999, ambayo huilinda kazi ya mtungaji katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabuni wenyewe: haki ya Marijani yafika mwaka 2045.

Kijana akanyamaza kitambo, kisha akazileta zile CD tano zilizobaki, tukazivunja uani. Fedha za zile saba alikuwa amekwisha kuzitumia. Akaenda Uyole kubeba magunia ya viazi hata zikatimia. Alitaka kuzitoa sadaka, nikamkataza, maana sadaka kwa niaba ya mwenye haki hutolewa pale anapokuwa hajulikani wala hapatikani, na hapa warithi wapo. Tukazitia katika bahasha, naye akaandika juu kwa mkono wake: "Amana ya wenyewe." Kaka akaichukua siku aliposafiri kwenda Dar es Salaam.

Na mimi sikutoka salama katika hukumu yangu mwenyewe. Niliporudi Iringa nilifungua kabati la chuo, nikaziona CD za kaswida tunazowafundishia watoto. Nyingi zilikuwa za kuchomwa, nami ndiye niliyeagiza zichomwe, nikidhani kwamba jambo la dini halina mwenyewe. Kumbe mwimbaji wa kaswida naye ana watoto wanaokula.

Leo CD zimepungua majumbani, na nyimbo na mawaidha hupita katika simu kwa kugusa kidole. Chombo kimebadilika, haki haikubadilika. Mzazi, muulize mwanao anachouza kimetoka wapi. Nawe kijana, kabla ya kufanya biashara ya sauti ya mtu, tafuta idhini ya mwenyewe. Ikiwa amekufa, tafuta ya warithi wake.

Mwenyezi Mungu atuepushe na kula jasho la wenzetu, walio hai na waliotangulia. Amin.