Kiangazi cha Mlimani na Daftari Lisiloandikwa

Kaskazi ikishika, mtu wa Unguja na mtu wa Pemba huitambua kwa bahari yake na kwa joto linalowatoa watu ndani kuja kupunga upepo barazani. Sisi tunaokaa katika milima ya Usambara ya Mashariki, nyuma ya Tanga, upepo huo huo hutufikia ukiwa umekwisha kuvuka bahari. Kwetu hauleti mawimbi, huleta mawingu. Upepo ni mmoja, ila husomwa katika vitabu viwili, na vitabu vyote viwili, kwa bahati mbaya, aghalabu vimo vichwani mwa wazee wala havimo katika karatasi.

Kiangazi chetu ni miezi ya Januari na Februari, baada ya vuli na kabla ya masika. Huku Amani, mahali palipo kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, joto ni pungufu kuliko la mjini Tanga, kwa kuwa hewa hupoa kadiri ya nyuzi sita kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Alfajiri anga huwa safi na umande umejaa majanini. Kufikia adhuhuri hewa yenye unyevu wa bahari hupanda ubavu wa mlima, hupoa, na mvuke wake hugeuka wingu jeupe linalofunika vilele. Ndiyo sababu hata wakati wa kiangazi mlima huu hauwi mkavu kabisa. Kuvumwani na mashina ya miti ya msituni hunywa ukungu huo na kuudondosha chini tone kwa tone, nao ukaingia ardhini na kutokea bondeni kuwa kijito.

Vijito hivyo ndivyo vinavyokusanyika kuwa mto Zigi, na mto Zigi ndio unaolijaza bwawa la Mabayani, linalonywesha jiji la Tanga. Kwa hiyo mtu anayefungua bomba mjini hana budi kujua kwamba maji yake yalianza kuwa wingu, na wingu hilo lilishikwa na mti.

Usiku wa kiangazi mlimani hauna kimya. Perere, mnyama mdogo wa mitini, hulia kwa sauti kali inayopanda ngazi kwa ngazi hata mgeni akadhani kuna mtu anayenyongwa. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawatashangaa, maana perere yumo pia katika misitu yao. Kadhalika yupo njule, yule mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, afukuaye majani makavu kutafuta wadudu. Yumo msituni kwetu, na yumo Unguja. Bahari iliyotutenga haikuweza kuutenga ujamaa wa viumbe hawa.

Pamoja na wenyeji hao huja wageni. Mbayuwayu na keremkerem waliozaliwa Ulaya hutufikia wakati wa vuli, wakakaa nasi au wakapita kwenda kusini, na kufikia Machi na Aprili huanza safari ya kurudi. Wapo pia kozi wadogo kutoka mashariki ya Asia, wanaoivuka Bahari ya Hindi kwa kuusaidiwa na upepo wa kaskazi, kama walivyofanya mabaharia wa majahazi kwa karne nyingi. Kozi hao hupita wakifuata mvua, kwa kuwa mvua huwatoa kumbikumbi ardhini, na kumbikumbi ndio chakula chao cha safarini.

Hapa ndipo wazee wanapotuambia: ndege fulani akifika, tayarisha mbegu, kumbikumbi wakitoka, mvua imekwisha kushika. Je, dalili hizi ni za kweli? Baadhi ni za kweli kabisa. Nyingine ni mazoea tu, kwani ndege aliyeondoka Asia hakuondoka kwa kuwa aliiona mvua ya Muheza. Lakini nani atakayezipambanua, ikiwa hakuna aliyeandika siku ndege alipofika na siku mvua iliponyesha? Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hali ya hewa ni mali, na wanyama ni mali. Daftari lao liko wapi?

Wala hatusemi jambo lisilowezekana. Mwaka 1928 alifika Amani Mwingereza mmoja aliyeitwa Reginald Moreau, aliyeajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo. Kazi yake ya ofisi haikuwa ndege, lakini alikaa hapa hadi katikati ya miaka ya 1940 na kuacha maandishi yanayosomwa hadi leo duniani. Macho yaliyomwezesha hayakuwa yake peke yake. Wenyeji, miongoni mwao Salimu Asmani, ndio walioijua misitu na waliokaa chini ya viota kutwa kucha wakihesabu.

Matokeo ya uvumilivu huo ni habari za hondohondo. Jike wa ndege huyu hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo hata ukabaki ufa mwembamba, naye akakaa humo zaidi ya miezi mitatu akilea. Dume ndiye anayelisha. Ilikadiriwa kwamba katika msimu mmoja wa uzazi dume alileta matunda kama 24,000 katika safari zipatazo 1,600. Msomaji na atafakari: ili dume huyo atimize wajibu wake, pana haja ya miti mingapi yenye matunda, na miti mingapi mikongwe yenye tundu? Ukikata mti mkongwe mmoja umevunja nyumba ambayo haijengwi tena kwa miaka mia. Na hondohondo huyo huyo ndiye anayeeneza mbegu za msizi, mti wa upande wa Ziwa Victoria ulioletwa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, ambao sasa umejipenyeza msituni na kuwabana wenyeji. Mambo ya msitu yamefungamana namna hiyo. Mwenye kukisia bila kuhesabu atakosea.

Haja ya kuhesabu imezidi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko desturi, vuli ikawa ya mafuriko, na mvua zikaendelea hadi Januari na Februari za mwaka 2020, miezi iliyotazamiwa kuwa ya jua. Vuli ya mwaka 2021, kinyume chake, ilikuwa hafifu katika sehemu nyingi za pwani ya kaskazini. Kisha mwaka 2023 mvua za El Niño zikarudi kwa nguvu. Mkulima aliyepanda kwa kufuata kalenda ya babu yake hakujua aamini nini. Na mkulima wa milima ya Tanga akikosa, hakosi peke yake: mboga na viazi vinavyovuka kwenda visiwani hupungua, na bei sokoni Darajani na Chake Chake hupanda.

Ndugu zetu wa Pemba wamekwisha tuonyesha faida ya kuhesabu. Popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine kokote duniani, mwishoni mwa miaka ya 1980 alidhaniwa kuwa amebakia kidogo mno. Wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliacha kumwinda, wakamlinda na kumhesabu. Baada ya mwaka 2000 hesabu zilifikia maelfu mengi. Hakuna aliyekuja na muujiza. Palikuwa na watu walioamua kutazama, kuandika, na kusimamia walichokiandika.

Kwa hiyo tunawaelekea wakuu wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani, kwa ombi dogo. Huduma ya hali ya hewa ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia utabiri kila msimu. Tunashukuru. Lakini utabiri wa mkoa mzima hauwezi kujua kwamba upande mmoja wa mlima umelowa ilhali wa pili umekauka. Kila shule ya msingi ya mlimani, na kila shehia yenye msitu, ipewe chombo cha kupimia mvua na daftari moja. Mwalimu na wanafunzi waandike kila asubuhi kiasi cha mvua. Waandike siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana, siku kumbikumbi walipotoka, siku kijito kilipokatika. Mwisho wa mwaka daftari lifikishwe kwa wataalamu, na wataalamu nao warudishe jibu kijijini, maana mtu hachoki kuandika akijua kwamba anasomwa.

Gharama ya jambo hili ni ndogo kuliko gharama ya daraja moja lililochukuliwa na maji. Wazee wanaozijua dalili wangali hai, ila hawatakaa milele, na kila mmoja anayezikwa huzikwa na kurasa zake. Masika hayako mbali kila kiangazi kinapokwenda ukingoni. Dalili ya mvua ni mawingu. Na dalili ya taifa linalojali kesho yake ni kalamu iliyo mkononi mwa mtoto anayeyatazama mawingu hayo.