Kabla ya Kuweka Nyumba Rehani

Baadhi ya wakazi hudhani kuwa mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya nyumba. Sivyo, iwapo nyumba hiyo ndiyo makazi ya familia. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na marekebisho yaliyoletwa na sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, huitambua rehani ya namna hiyo pale tu mume au mke anayeishi humo anapotia saini au kuridhia. Mwombaji anawajibika kueleza kama ana mwenza. Benki nayo inapaswa kuyathibitisha maelezo hayo. Anayedanganya kwa makusudi katika kiapo anatenda kosa, na adhabu yake si ndogo: faini isiyopungua nusu ya mkopo, au kifungo kisichopungua miezi 12.

Marejesho yakikwama, nyumba hainadiwi kesho yake. Mkopaji hupewa kwanza notisi ya maandishi inayoeleza alipokiuka mkataba, na siku 60 huhesabiwa tangu alipoipokea. Notisi hiyo isifichwe kabatini, kama wafanyavyo baadhi yetu kwa aibu. Mwenza aione mapema, siku zingalipo.